Siku Tisa za Mama Ngassa

Mwaka 1954 Ngassa wa Songwa alipata nafasi ya kwenda kusoma London, na Jumatatu angepanda ndege Nairobi. Jumapili, siku moja kabla, watu walipokuwa wakitoka kanisani, mama yake alimsimamisha Mwalimu Stanslaus, aliyemfundisha kijana huyo tangu darasa la kwanza.

"Mwalimu, kutoka Nairobi mpaka London, ndege inakaa angani siku ngapi?"

Watu wakasogea wasikie. Stanslaus alijua umbali tu, maili elfu nne na zaidi, kwa kuwa aliwahi kuusoma kitabuni. Mwendo wa ndege hakuujua. Lakini kusema "sijui" mbele ya wazee wa kanisa kulimshinda. Alikunja uso kama anayepiga hesabu.

"Siku tisa, mama."

"Basi siku tisa nitakunywa uji mwepesi tu. Mwanangu akiwa hewani, mimi nitashibaje?"

Stanslaus alidhani ni maneno ya uchungu, yatapita.

Jumatano mchana dereva wa lori la pamba alimletea telegramu kutoka posta ya Shinyanga. *Nimefika salama Jumanne. Mwambie mama. Ngassa.* Aliisoma mara tatu. Jumanne ilikuwa jana tu. Safari nzima haikufika hata siku mbili! Akaichomeka karatasi ndani ya daftari la mahudhurio, akajiambia ataipeleka kesho, akishapata la kusema. Kesho yake akajiambia vilevile. Na Ijumaa pia.

Jumamosi jirani wa mama huyo, Apolonia, alifika shuleni akihema. "Mama Ngassa ameanguka njiani akitoka kuteka maji. Tangu Jumatatu anakunywa uji mwepesi tu."

Stanslaus alikwenda mbio, telegramu mfukoni. Alimkuta mama amelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, midomo imemkauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Zimebaki siku ngapi?"

Angeweza kusema telegramu imefika leo. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Akamtazama yule mama, yakamkwama.

"Alifika Jumanne, mama. Karatasi hii ninayo tangu Jumatano. Zile siku tisa nilizitunga, sikujua."

Mama aliichukua karatasi, akaipapasa.

"Jumanne," alisema. "Kumbe mwenzangu keshakula zamani."

Apolonia akasonga ugali, akaleta na maziwa. Mama alijikongoja akaketi, akanawa.

"Karibu, mwalimu."

Hakuna neno la lawama lililofuata. Stanslaus akanawa naye, akamega tonge.

Barua za Ngassa ziliendelea kuja kupitia shuleni. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, halafu akaenda nazo Maganzo kwa miguu, hazijafunguliwa, akasomewe na mwenye duka. Akirudi alipita mbele ya shule, na Stanslaus, akimwona kwa mbali, aliugeukia ubao akaanza kuufuta.