Kabati la Chumba cha Mbele

Mwalimu mstaafu aliyeniuzia nyumba aliniapia kwamba mpangaji wake, fundi seremala, hana shida. Hana shida! Mtu amekaa miaka kumi na moja, akaunda kabati ndani ya chumba cha mbele, kubwa kuliko mlango, kubwa kuliko dirisha. Na mimi, kwa ujuha wangu, siku ya kukagua nilipanda kuangalia bati, nikafungua mabomba yote, lile kabati nikadhani ni ukuta.

"Kuhama nahama hata leo, dada yangu," fundi akaniambia siku ya makabidhiano, kwa upole wa kukera. "Ila siliachi."

"Lifumue basi!"

"Ni gundi tupu, halina hata msumari. Nikilifumua linabaki kuni."

Nikamgeukia mwalimu. Akavaa miwani, akafunua mkataba. "Imeandikwa nyumba ikabidhiwe tupu. Haiko tupu. Funguo sitoi."

Jamani! Miaka tisa nimelala kwenye kochi la kaka yangu, na asubuhi ile wifi alikuwa ameshanifungia virago, akanitolea nje, akanitakia maisha mema. Nilikuja navyo moja kwa moja. Pa kurudi sina.

"Na kuhakikisha hiyo nyumba iko tupu ni kazi ya nani?" nikamuuliza.

Mwalimu akasoma tena, midomo ikichezacheza. "Ya muuzaji."

"Kuta zimetajwa?"

Akapekua kurasa zote, mbele na nyuma. "Kuta hazikutajwa."

"Haya, bomoa!"

Basi akavua koti, akalikunja vizuri, akaomba nyundo kwa fundi. Kufikia alasiri ukuta wa mbele ulikuwa chini. Wanaume wanane wa mtaani wakalitoa kabati, fundi kando akililia "polepole, polepole," utadhani wamebeba mgonjwa. Ndipo mwalimu, mweupe kwa vumbi, akanikabidhi funguo kwa mikono miwili. Mlango wenyewe ulikuwa umelala barabarani.

Nikaketi sakafuni na virago vyangu. Mtaa mzima unanitazama, nami nautazama. Nilikuwa na furaha mpaka machozi yakanitoka, wala sioni haya kusema.

Jirani, muuza mkaa, akaja kunisalimu. Akasimama kwenye kifusi, akaangaza kushoto, akaangaza kulia.

"Hodi, mama! Napitia wapi?"

"Popote utakapo, baba," nikamjibu. "Hapa ni kwangu."