Nyanya Zilizokataa Kuwa Nyekundu

Mwaka ule wa hamsini na sita, baba yangu Donald alikuwa akifanya kazi ya reli Voi. Sisi tulikuwa juu milimani, Mgange, ambako asubuhi ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, ukatulia juu ya vikombe, ukatulia kwenye nywele. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na barua za nyumba ile nilizisoma mimi.

Barua ya mwezi wa tatu ilikuja na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, mbegu zimegandia ndani. Baba aliandika: "Mpishi wa garimoshi alinipa nyanya ndogo za kutia mdomoni nzima. Tamu sana. Nimewakaushia mbegu. Nikija likizo mwezi wa nane nitazila na kimanga cha muhogo." Rangi hakuitaja.

Nilizipanda kwenye tuta la chini, karibu na mfereji. Maji ya mfereji ni ya kijiji kizima, kila nyumba na zamu yake. Yetu ilikuwa Jumanne na Jumamosi, tangu jogoo awike hadi jua liguse paa la kanisa. Nilikuwa nikikaa pale nikisikiza maji yakinywewa na udongo, taratibu, kama mtu anywaye uji wa moto. Nikifumba macho namwona baba anapanda mlima, kofia ya reli kichwani, mkono umetangulia kuomba nyanya.

Nyanya zikazaa vishada vishada, kila moja kama kokwa. Kisha zikaanza kuwa nyeusi. Mabega meusi, tumbo rangi ya ini. Nikangoja ziwe nyekundu. Wiki ya kwanza, ya pili. Wapi!

Jedidah, jirani yetu, alisimama kwenye ukingo na mzigo wake wa kuni.

"Mama Wakio, siku hizi unamwagilia mnavu maji ya mfereji?"

"Si mnavu, ni nyanya," mama akajibu.

"Nyanya za msiba, basi! Mzee wa mfereji akipita hapa, mtaeleza nyinyi."

Mzee huyo, mgawa zamu za maji, alikuwa amekwisha kutangaza: atakayenywesha magugu kama mnavu atakatwa zamu. Na bila zamu, kabichi za mama zingekauka, nasi tulikuwa tukiishi kwa kabichi. Mama, jina lake Tryphena, hakuwa mtu wa kelele. Jioni ya Jumatano aliliinamia tuta, akageuza tunda moja, akaliacha.

"Wakio, hizi zimeingia ugonjwa. Nitangoja hadi Jumamosi. Nisipoona nyekundu, nang'oa."

"Na baba?"

"Baba yako atakula kimanga na chumvi."

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mama. Nyanya zilikuwa zikipungua. Kila asubuhi kishada kimoja kimekonda. Nikasema ni ndege, nikasema ni nyani, nikamshuku hata Jedidah.

Jumamosi niliamka kabla ya mama, nikajificha nyuma ya migomba. Ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Ndani yake ukatokea mkono, halafu fimbo, halafu bibi yangu Mkamburi, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho tangu mimi sijaanza shule. Alikuja akipapasa ukingo wa tuta kwa mguu. Akashika kishada, akabonyeza tunda kwa kidole gumba, akaliacha. Akabonyeza la pili, akalinusa, akalitia mdomoni. Akafumba macho yale yasiyoona, akatabasamu peke yake.

"Bibi! Kumbe ni wewe!"

Hakushtuka hata. "Mimi nani? Mimi naonja tu."

"Lakini hazijaiva!"

"Hazijaiva?" Akanitemea ganda la nyanya karibu na mguu. "Wiki mbili nzima nala, wewe waniambia hazijaiva. Hizi ngumu, ziache. Hizi laini, zinazonukia jua, hizi zimeiva."

"Bibi, ni nyeusi."

"Nyeusi? Nani alinieleza?" Akacheka hadi fimbo ikamponyoka. "Hata mie ni mweusi, na niliolewa kwa ng'ombe wanne."

Mama alikuwa amefika nyuma yetu, jembe begani. Sikujua amesikia kiasi gani. Bibi akapapasa, akabonyeza, akachuma moja, akainyoosha hewani mahali alipokisia pana mama.

"Tryphena mwanangu, fumba macho."

Mama alisitasita. Kisha akafumba, kweli, akafungua mdomo kama mtoto. Nikaona shavu lake likisimama, likasogea. Akakaa hivyo, macho yamefumbwa, muda mrefu kuliko tunda lilivyodumu mdomoni.

"Lete kikapu," akaniambia.

Tulizikaanga asubuhi ile ile, kwa samli na kitunguu. Zilipasuka moja moja chunguni, pu, pu, zikatoa mchuzi mzito wa rangi ya udongo uliolowa. Mama aliponda kimanga cha muhogo na maharagwe, akachimba kishimo katikati, akamimina.

Lakini kabla ya hapo, jua likiwa bado halijafika kanisani, mama alishuka kwenye mfereji. Badala ya kung'oa, alibomoa kizuizi cha tope kwa kisigino, maji yakaingia tuta la chini.

"Mama, umbakizie Donald," akamwambia bibi.

"Za Donald ni zile ngumu," bibi akasema, akitafuna. "Zitamngoja."