Askari Harudi Nyuma

Kaka mtu walimwita Gundi, kwa kuwa alikuwa fundi viatu na harufu ya gundi ilimtangulia kila aendako. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na ulimi huo ndio uliomponza. Siku ya msiba wa mama yao, mbele ya wakwe na majirani, alimuuliza kaka yake: "Leo ndiyo umekumbuka kuwa una mama?" Gundi aliinamisha kichwa. Tangu hapo hawakusemezana.

Ila sataranji, ajabu ya Mungu, waliendelea kucheza. Ubao ulikaa kibandani kwa fundi cherehani, kwenye meza ya kukatia nguo. Kila asubuhi Gundi alipita, akasogeza kete moja, akaenda zake. Mdogo mtu naye akasogeza yake na kuiacha imngoje kaka yake kesho. Watu walicheka: ndugu gani hawa wanaosalimiana kwa kete? Fundi cherehani alikuwa na neno moja tu la kusema, "nisamehe", nalo lilimkwama kooni. Kila asubuhi alijiambia, kesho.

Kisha akaanza kushinda, yeye ambaye hakuwahi kumshinda kaka yake tangu utotoni. Gundi ndiye aliyemfundisha, tena kwa makofi ya kisogoni: "Fikiri kwanza, dogo. Askari harudi nyuma." Sasa kete kubwa zote zilikuwa zimeliwa, na askari wawili wa fundi walikuwa na njia nyeupe, hakuna adui mbele yao wala kando. Walipanda pamoja, huyu akimlinda yule. Mfalme wa Gundi alikuja mbio kutoka upande wa pili, lakini peke yake angefanya nini? Akimla wa nyuma, wa mbele anapita.

Basi tamaa ikamwingia. Aliwaza ushindi hata akipima viuno vya wateja, mpaka suruali ya bwana mmoja mnene ikatoka ya kumtosha mwanawe. Lile neno la kooni alilisahau kabisa.

Siku ya mwisho hakusogeza mapema. Alimngoja kaka yake afike, ndipo akamsukuma askari hadi mstari wa mwisho, ambako askari hugeuka malkia.

"Malkia!" alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu msibani. Gundi alimtazama usoni, akangoja kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kisha akamlaza mfalme wake ubaoni na kuondoka.

Kwao, aliyeshindwa ndiye hupanga kete za mchezo mpya. Kesho yake Gundi hakuja kupanga. Siku iliyofuata fundi alitia kete mfukoni, akabeba ubao kwapani, akaenda kwa kaka yake. Mlangoni palikuwa na kufuli.

"Kaka yako kahama jana," alisema kinyozi wa jirani. "Kwani hakukuaga? Alitaka kuhama tangu mlipomzika mama. Akawa anasema, ngoja mchezo uishe, huenda dogo akasema neno."

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alimfikia fundi palepale. Aliketi kizingitini, akaweka ubao magotini, akaanza kupanga kete za pande zote mbili.