Mgonjwa wa Benchi la Kati

Nesi wa vidonda alipotokeza mlangoni, mzee aliyekaa benchi la kati alijishika kiuno na kukunja uso. Kisha akakumbuka kwamba jana alikuwa anaumwa bega. Akaupandisha mkono taratibu hadi begani, akaguna kidogo, akatulia.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtafiti, na neno hilo alilipenda kupita kiasi. Maisha yake yote alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kukimbizwa na mbwa na kulaumiwa kwa bili za watu. Alipostaafu, kazi yake ikawa kumzibia mkewe njia ya ufagio. "Inua miguu, baba watoto," ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya asubuhi. Ndipo chuo kimoja cha afya kikatafuta watu wazima wenye subira, wakae kwenye zahanati wakijifanya wagonjwa, waone kama wauguzi wananawa mikono kabla ya kumgusa mtu. Ilibidi iwe siri. Binadamu akijua anatazamwa hunawa hata mikono isiyo yake.

Msimamizi wa utafiti, binti mpole mwenye miwani mikubwa, aliwapa masharti mawili: usijulikane, na usiingilie hata ukiona nini.

"Ukijulikana, mzee wangu, takwimu za zahanati nzima tunazitupa," alimwambia. "Na wewe itabidi tuagane."

Kwa kuwa mgonjwa hakai akiandika, mzee alihesabu kwa maharage makavu. Nesi akinawa, harage linatoka mfuko wa koti na kwenda mfuko wa suruali. Asiponawa, linaingia mfuko wa shati. Mbinu hiyo aliibuni mwenyewe, na msimamizi aliposikia alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaagiza wengine waiige. Mzee alirudi nyumbani kichwa kimemvimba. Mkewe akamwambia ainue miguu.

Shida sasa ilikuwa mfuko wa shati. Ulikuwa umetuna upande wa moyo, na karibu maharage yote ya humo yalikuwa ya nesi wa vidonda.

Na huyo ndiye aliyekuwa mwema kuliko wote. Wenzake walimpita mzee kana kwamba ni sehemu ya benchi. Yeye alisimama.

"Baba, bado hujaitwa tu?"

"Bado, mwanangu. Sina haraka."

Siku ya pili alimletea chai. Siku iliyofuata alimletea mto wa kuegemea, akamgeukia mpokezi. "Huyu mzee mnamtazama tu, si mumwite?"

"Kila nikimwita anampisha mwenzake," mpokezi alijitetea. "Sijapata kuona mgonjwa mwenye adabu namna hii."

Mfagizi, aliyekuwa na majibu ya kila kitu, alimnong'oneza nesi kwa sauti iliyofika mpaka duka la dawa. "Mimi nimemchunguza. Mkewe amemfukuza. Haumwi chochote, anakuja kukaa."

"Maskini," nesi alisema. "Wiki ijayo nitaenda kuongea na huyo mama."

Mzee aliinywa chai ile iliyoletwa na mikono isiyooshwa, akahamisha harage, akajiona mnafiki wa kutupwa. Alijaribu kumtetea moyoni. Labda ananawia ndani. Lakini sinki lilikuwa moja tu, hapo koridoni, mbele ya pua yake.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Jioni msimamizi angekuja kuchukua hesabu, na hesabu ikiwa safi mzee angepelekwa hospitali kubwa, akafundishe wengine mambo ya maharage. Alikuwa ameshamwambia mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, mkewe aliweka ufagio chini na kumsikiliza mpaka mwisho.

Karibu na adhuhuri mama mmoja kijana aliketi kando yake na kichanga ambacho kitovu chake kilikuwa hakijakauka. Alikuwa na wasiwasi, alikuwa analia bila sauti. Ndani, nesi alikuwa anamfunga mtu mwenye mguu uliooza. Harufu ilifika koridoni. Mara mlango ukafunguka, nesi akatoka mbio, akalipita sinki, mikono imenyooshwa.

"Njoo kwa shangazi, tuone hicho kitovu."

Mzee alikuwa ameshalishika harage. Alijua linakokwenda. Alijua pia kwamba akifungua mdomo utafiti umekwisha, na kesho asubuhi atakuwa anainua miguu. Vidole vya nesi vilikuwa vimeufikia ukingo wa kanga.

"Nesi," alisema. "Mikono."

"Unasemaje, baba?"

"Mikono, mwanangu. Umetoka kwenye kidonda. Hujanawa. Jana pia. Na juzi."

 Nesi alimtazama mzee, akalitazama harage vidoleni mwake na mfuko wa shati uliotuna, akaligeukia sinki alilolipita.

"Kumbe hajafukuzwa," mfagizi alisema.

"Wiki nzima ulikuwa unanihesabu," nesi alisema polepole. "Na chai yangu unakunywa."

"Nilikuwa naipenda ile chai," mzee alijibu, na ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli.

 Nesi alienda kwenye sinki akanawa, kwa sabuni, muda mrefu, mgongo wake ukiwaelekea wote. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akapiga goti mbele ya benchi, akampokea mtoto kwa mama aliyekuwa anatetemeka, kisha akamtazama mzee.

"Nishikie huyu mtoto, nimsafishe. Mama yake hawezi."

Mzee alinyoosha mikono kwa furaha ya mtu aliyesamehewa. Nesi hakumpa mtoto. Alingoja tu. Mpokezi naye akangoja, na mfagizi, na wagonjwa wa mabenchi yote.

Mzee akaitazama mikono yake. Akainuka, akavuka korido huku kila jicho likimfuata, akafungua bomba.