Mwili wa Kipimo

"Usipumue," alisema fundi mkuu kwa sauti ya kubana, maana midomo yake ilikuwa imeshikilia pini. Mwanamke aliyesimama juu ya kibao katikati ya karakana akazuia pumzi. Alinyoosha mikono pembeni, akainua kidevu, na kile kitambaa cha buluu, ambacho kilikuwa bado hakijawa gauni, kikamkumbatia vipande vipande. Zipu ikapanda mgongoni bila kukwama. Fundi mkuu akamzunguka, akaguna guno la kuridhika, na cherehani zilizokuwa zimenyamaza kumsubiri zikaanza tena kunguruma.

Karakana ile ilishona sare: za wahudumu wa hoteli, za makarani wa benki, za wasichana wa mapokezi. Kwingine mafundi hupima kwa futi. Hapa futi ilining'inia shingoni mwa fundi mkuu kama pambo tu. Kila sare mpya ilishonwa kwanza juu ya mwili wa mwanamke huyu, kisha ikafumuliwa, na vipande vyake vikawa kielelezo cha kukatia nguo nyingine zote, ndogo na kubwa. "Futi inapima kitambaa," fundi mkuu alipenda kusema. "Nguo inavaliwa na mtu." Ndiyo sababu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kipimo, naye akiitwa hivyo alijisikia mrefu zaidi.

Msidhani ni majivuno matupu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kupitwa: si mrembo wa kugeuziwa shingo, si mwerevu wa kusifiwa darasani. Alikuja karakana kushona vishikizo, na siku moja fundi mkuu akamtazama kuanzia begani hadi visiginoni, akamwambia apande kibaoni. Hiyo ndiyo mara ya pekee maishani alipochaguliwa kati ya wengi. Baada ya kujifungua mtoto wa tatu alijinyima chakula hadi akarudi palepale alipokuwa, na fundi mkuu alipofunga ile zipu, Kipimo alikaribia kulia kwa furaha.

Kabla yake kibao kilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe huyo sasa alisimama kwenye kona ya pasi, mnene, jasho likimtiririka katikati ya mvuke, nao walimwita Dada Pasi. Kisa chake kilisimuliwa kwa kila mgeni, na kila msimulizi alikitia chumvi yake: alidungwa sindano ya uzazi wa mpango, akafumuka, akashushwa kibaoni. Dada Pasi mwenyewe aliyasikia hayo, akacheka pamoja nao, akaendelea kunyoosha kola.

Kwa hiyo siku Kipimo alipokaa mbele ya muuguzi kliniki, alikuwa na swali moja tu.

"Nesi, ipi hainenepeshi?"

Muuguzi alikuwa ametandaza njia zote mezani: kitanzi, vijiti, vidonge, chupa ndogo ya sindano. Akaweka kiganja juu ya kitanzi.

"Hiki cha shaba hakina homoni, hakiongezi hata kilo. Lakini kwa wengi kinaongeza damu ya mwezi, na wewe damu yako bado iko chini. Nikikuwekea leo nitakuumiza. Vidonge hivi vya kawaida, kwa presha yako, sahau. Tunabaki na sindano au vijiti vya mkononi."

"Na hivyo vinanenepesha."

"Wapo wanaoongezeka, hasa kwa sindano. Wapo wasioongezeka kabisa. Nikikuahidi kwamba wewe hutanenepa, nitakuwa nakudanganya. Ila vijiti, ukiona mwili umevikataa, unarudi tunavitoa."

"Nikisharudi nimeshanenepa, nesi. Kazi itakuwa imekwenda."

Muuguzi akakisukuma kitanzi kando. "Mama, daktari alikwambia nini ulipotoka hospitali?"

"Alisema nisirudie kubeba mimba."

"Alisema ukibeba tena utakufa. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyekushika miguu ulipokuwa unatupwa na kifafa cha mimba. Usiondoke hapa mikono mitupu."

Hakuondoka mikono mitupu. Alipewa pakiti za kondomu za kujihifadhi kwa muda, akaahidi kurudi wiki ijayo akishakata shauri. Wiki ijayo ikaja na oda ya hoteli kubwa, na siku zikampita akiwa kibaoni.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Usiku ule wa kifafa alikuwa amesimama kwenye ujia wa hospitali, akasikia yote. Tangu hapo mizaha ilimkauka. Mkewe aliporudi nyumbani na kichanga, yeye alitandika mkeka sebuleni kwa watoto, akalala huko. Mwanzoni Kipimo alishukuru, akaona ni huruma. Miezi ilivyosonga akaanza kujitazama kwenye kioo na kujiuliza kama ni kinyaa. Jioni moja alimkuta uani akijisugua grisi mikononi, akasimama mbele yake.

"Utalala mkekani mpaka lini?"

"Mpaka udungwe hiyo sindano," alijibu bila kuinua macho.

"Nesi amenipa kondomu."

"Kondomu inapasuka. Mimi nashughulika na mpira kila siku, naujua." Akasita, kisha akamtazama. "Mke wangu, mimi nilikusikia siku ile. Sauti yako haikuwa yako. Sitakugusa ili nikuue."

"Nikinenepa je?"

"Unenepe! Ujae mlango! Utanipa shida gani?"

"Wewe hupandishwi kibaoni ukavutwa zipu mbele ya watu."

Mumewe alisuuza mikono, akaingia ndani. Alikwenda kulala, na kupitia mlango uliorudishwa nusu, Kipimo alimsikia akiwafunika watoto. Alimtamani mpaka akauma shuka. Hakika alimpenda mtu yule, na upendo wenyewe ulikuwa sasa umelala upande wa pili wa ukuta kwa sababu ya hofu.

Ndipo alipofanya alilolifanya. Siku moja alirudi kutoka kazini akiwa ameubandika mkono wake plasta aliyoitoa kwenye sanduku la huduma ya kwanza la karakana, ile wanayobandikwa mafundi wanapochomwa na sindano za cherehani. Akamwonyesha mumewe. "Nimedungwa," akasema. Mwanamume yule akaigusa ile plasta, akatikisa kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mkeka ukakunjwa. Kipimo alijipa moyo kwamba bado ananyonyesha, kwamba hajaona siku zake tangu ajifungue, na kwamba damu yake ikipanda kidogo tu, ataenda kuwekewa kitanzi na uongo utakuwa umeisha wenyewe. Zile pakiti akazitupa asije akaulizwa. Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa na kelele za raha, na baba watoto aliimba akioga, vibaya sana.

Kisha gauni likaanza kubana. Kidogo tu, pale kiunoni, na Kipimo akaapa kutokula jioni. Akapunguza na asubuhi. Kichwa kilimzunguka juu ya kibao, akajikaza. Fundi mkuu alikunja uso, akaichunguza mishono, akalaumu karatasi ya kielelezo. "Hii tulikosea kukata," akasema, akaachia mshono upana wa kidole. Wiki iliyofuata akaachia kingine. Haikumpitikia kwamba kilichobadilika ni mwili. Aliuamini mwili ule kama wengine wanavyoamini saa ya ukutani, na sare za hoteli nzima zikakatwa kwa kufuata mwili ule.

Zilirudi zote. Mtu wa hoteli alizimwaga mezani, akashika moja, akaivaa juu ya shati lake mwenyewe ili waone inavyomwelea kiunoni. Hakuna aliyecheka. Alipoondoka, fundi mkuu akaivua futi shingoni. Katika miaka yote hiyo Kipimo hakuwahi kuiona ikifanya kazi juu ya mtu. Ilikuwa baridi ilipomzunguka. Fundi mkuu akasoma, akasoma tena, akairudisha shingoni taratibu.

"Na wewe umedungwa sindano," akasema, na katika sauti yake hamkuwa na hasira, ila uchovu wa mtu aliyeibiwa mara mbili. "Kesho kaa kwenye vishikizo."

Huko ndiko kumwaga unga kwa adabu. Kipimo alishuka kibaoni, akavaa nguo zake, akajikuta amesimama kwenye kona ya pasi bila kujua amefikaje. Mvuke ulimwingia puani, kichefuchefu kikampanda. Dada Pasi akamsogezea ndoo, akamshika mgongo mpaka alipomaliza.

"Dada," Kipimo alisema alipopata pumzi, akiung'ang'ania bado ule uongo wake, "na wewe ilianza hivi? Baada ya sindano ngapi?"

Dada Pasi aliiegemeza pasi pembeni. Alitazama huku na huku, kisha akainama.

"Mimi sijawahi kudungwa sindano hiyo, mdogo wangu."

"Lakini wote wanasema..."

"Wanasema. Nilifiwa na mwanangu. Nilikuwa nikitoka hapa naenda nyumbani kukaa sakafuni na kula, nakula mpaka nalala. Waliponiuliza nimefanyaje, mmoja akasema bila shaka ni sindano, nami nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi. Sindano mtu anaicheka. Mtoto wangu sikutaka achekwe." Akamfuta Kipimo mdomo kwa pindo la khanga yake, kama anavyofutwa mtoto. "Wewe lakini hujadungwa. Si ndiyo?"

Kipimo alitikisa kichwa: hajadungwa. Akaketi juu ya furushi la sare zilizorudishwa. Kwa hiyo alikuwa amekimbia kivuli, na katika kukikimbia akaenda kujitumbukiza shimoni, shimo lile lile la mimba aliloonywa na daktari, na muuguzi, na mumewe aliyelala mkekani miezi yote ile. Alitaka kumchukia Dada Pasi na hakuweza. Alichohisi ni hofu tu.

"Nenda kliniki leo," Dada Pasi akasema. "Usingoje kesho. Nenda na nguo hizo hizo."

Muuguzi hakumgombeza, na hilo lilimwogopesha kuliko ugomvi wowote. Alimpima mkojo, akampima presha, akampima tena presha kwenye mkono wa pili. Alipoandika rufaa ya hospitali kubwa, kalamu yake ilikwenda polepole.

"Ni mimba ya miezi mitatu na zaidi. Kesho asubuhi daktari akuone. Atakueleza yanayowezekana, nami nitakuwepo, nitaomba ruhusa." Akamshika mkono. "Mumeo anajua?"

"Anajua nilidungwa sindano."

Muuguzi alimwangalia. Alielewa, akaikunja ile rufaa na kumtia mkononi.

Njia ya kurudi nyumbani haikuwa ndefu, lakini Kipimo alipitia kila duka, akisimama mbele ya vioo bila kutazama bidhaa. Alijiona kwenye vioo hivyo: mwanamke mwembamba wa uso na mikono, na katikati yake kitu kilichokuwa kimeanza kujitafutia nafasi. Miaka yote alikuwa ameutunza mwili ule kwa ajili ya nguo za watu asiowajua. Ni kazini tu ulikoitwa kipimo. Kwake mwenyewe hakuwa ameuuliza hata mara moja una shida gani. Aliweka kiganja chake pale futi ilipopita. Palikuwa na joto.

Mumewe alikuwa sebuleni, akimchezesha yule mtoto mdogo magotini. Alipomwona mkewe uso, akamkabidhi mtoto kwa binti yao mkubwa, akawatuma watoto wote uani.

"Nini?"

"Nina mimba."

Mumewe aliegemea ukuta. Rangi ya uso wake ilibadilika, na kwa kitambo alirudi kuwa yule mtu wa kwenye ujia wa hospitali, mgongo ukutani, masikio yakisikia asichotaka. Kisha hasira ikaja kumwokoa.

"Haiwezekani. Ulidungwa! Walikudunga nini, maji?" Alisimama, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza. "Yule nesi. Yule nesi aliyekudunga! Ananijua leo. Atanieleza mbele ya mkubwa wake, na watamfukuza, Mungu ananiona, watamfukuza!"

Alikaa kwenye kiti, akaanza kuvaa. Vidole vyake, ambavyo hufunga nati gizani chini ya masinki ya watu, havikuweza kufunga kamba. Kipimo alimtazama. Angeweza kunyamaza. Muuguzi angekana, naye mumewe asingemwamini muuguzi. Angemwamini mkewe, kama fundi mkuu alivyomwamini. Sindano ingeubeba na mzigo huu, kama ilivyobeba ule wa Dada Pasi, na karakana nzima ingekuwa na kisa kingine cha kuwasimulia wageni. Na kesho mbele ya daktari mwanamume huyu angekuwa amekaa kando yake, amemshika mkono, akimlilia mtu ambaye siye.

"Baba watoto," akamwita.

Hakusikia. Alikuwa amemaliza kiatu kimoja.

"Baba watoto. Vua viatu. Nisikilize kwanza."

Mumewe aliinua kichwa. Kulikuwa na kitu katika sauti ile, wala hakikuwa kilio, kilichomfanya ashushe mguu. Akakivua kile kimoja taratibu, akakiweka kando ya mwenzake, akabaki ameinama na mikono magotini, akingoja aambiwe.