Waliziita Vitamini

Mwaka ule wa lockdown hata majibu ya saratani yalisomwa kwa simu. Daktari alimpata Wilkister ndani ya stoo ya mashuka, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi St Marys, ughaibuni, barakoa ikiwa kidevuni na mapumziko yakiwa ya dakika kumi. Uvimbe wa utumbo ungekatwa wiki ijayo. Yakafuata maswali ya fomu. Sigara? Hapana. Pombe? Hapana. Umewahi kutumia homoni?

“Vitamini tu,” akajibu, na ulimi wake ukamshtua mwenyewe.

Ndivyo walivyoziita sindano za kambini Kenya, enzi zake za marathoni. Kocha Maxwell alikuja alfajiri na kiboksi chake cha barafu, naye Wilkister akakaa kwenye benchi, akapandisha mkono wa sweta bila kuuliza anadungwa nini. Msimu wa pili akajua. Vitamini gani inazikwa shambani wapimaji wa dawa haramu wakija? Akajua, akanyamaza, akashinda. Nyumbani alimwambia kila mtu neno hilohilo, na mdogo wake Shirleen akaliamini mpaka akamfuata mbioni, kambi ileile. Siku hizi Wilkister akifumba macho humwona Shirleen amekaa kwenye benchi lile, mkono wazi.

“Samahani, daktari. Si vitamini. Ilikuwa EPO ya kuongeza damu, na homoni ya ukuaji, miaka sita. Ndiyo imeniletea hii?”

Daktari alijibu kwa uangalifu. Inawezekana, alisema. Kuna utafiti unaotia shaka, lakini hakuna uthibitisho. Wanariadha kama yeye hakuna aliyewafuatilia. Na fomu haina mahali pa kuandika jambo hilo. Angeliweka chini ya “mengineyo”.

Zilibaki dakika nne za mapumziko. Kenya kulikuwa kunapambazuka. Akampigia Shirleen.

“Sista! Fanya haraka, coach ananingoja.”

“Usidungwe, Shirleen. Hiyo si vitamini. Niliwadanganya.”

“Kwani nani hajui?” Shirleen alishusha sauti. “Wote tunajua. Tunaiita hivyo ndio mama asijue.”

“Nina saratani.”

Wilkister alisikia pumzi za mdogo wake, fupifupi, kama za mtu aliyemaliza mbio.

“Ni hiyo dawa? Daktari amesema ni hiyo?”

Alitamani kudanganya tena, safari hii kwa wema. “Amesema inawezekana.”

“Inawezekana,” Shirleen akarudia polepole. Nyuma yake mwanamume aliita jina lake, mara moja, bila ukali.

“Nakuja, coach,” akaitika.