Diski ya Yaya Mukendi

...maana diski ikigoma kwa baridi dawa yake ni joto, ndivyo alivyofundishwa, na Philomène ameifunga katika kipande cha kikwembe akaibana kwapani tangu alipofika kazini, wacha wacheke, karani mzima wa kinu cha unga ameketi ofisini anaatamia chuma kama kuku, sasa ameirudisha ndani ya ile kompyuta kuukuu, amechomeka nyaya zake, amewasha, anatega sikio, na inazunguka, inazunguka vizuri kabisa, ila ndani kuna kitu kinagonga tak, tak, tak, kinatafuta mahali pa kuanzia hakipaoni, kioo kinabaki cheusi, na mezani diski nyingine iliyoletwa kutoka Lubumbashi inangoja ndani ya nailoni, hapana, ingoje, atazima awashe tena, kwa sababu aliyeiwasha mashine hii siku ya kwanza ni kaka yake, yaya Mukendi, kila kilichomo alikiandika yeye, na dada mtu akiing'oa kwa mkono wake mwenyewe atakuwa amemwambia nini, kwamba asirudi?... tak, tak, sikio la kufa halisikii dawa, hapana, nani ametaja kufa... "Mama Philo, ulishamaliza?" huyo ni Gauthier, mkubwa wa ofisi, mlangoni, "ile disque ilishakufa, tosha, tia ile mupya, courant itakatika sasa hivi," ndiyo, chef, umeme wa bwawa la Mwadingusha nao siku hizi ni mgeni asiyevua viatu, lakini yaya angemjibu, angesema, "Weye sikia kwanza, usiguse," angelaza sikio juu ya chuma, mdomo wazi, macho ameyafumba, hivyo hivyo alivyolala kwenye gare, pale kituo cha reli, mwaka ule wa tisini na tatu, walipoambiwa watu wa Kasai kama wao warudi kwao, kwao wapi, alizaliwa hapa hapa Kikula, akalala chini na wenzake wakingoja treni, na yeye Philomène akabaki mjini kwa sababu Georges, mume wake, ni mtu wa hapa, aliolewa akapona, neno baya hilo, akapona, kila siku akimpelekea yaya bukari, ugali wa moto, mpaka siku aliyofika akakuta treni imeondoka, majivu bado yanafuka kando ya reli, na yeye na sufuria yake hakujua ampe nani, inauma, hata leo inauma... azime, awashe... aiguse, ina joto, joto la kutosha, basi mbona haijibu, na huyu Théophile mbona anamwingia akilini sasa, jirani aliyepanda behewa moja na yaya, alirudi mwaka jana mifupa mitupu, akakaa sebuleni kwake akasema, "Minye mwenyewe nilimufunika na udongo, Philo, alikuwa anatetemeka, tulimufunika bikwembe yetu yote, mwili ikapata moto, lakini hakuamuka," naye akamwita mwongo, akamfukuza chai hajaimaliza, kwa sababu aliyepata joto huamka, kila mtu anajua, dawa ya baridi ni joto... tak, tak, tak... na kila Jumapili kanisani, padri anapowaombea wagonjwa, kisha wasafiri, kisha marehemu, na watu wanataja majina ya watu wao, yeye humtaja yaya kwa wasafiri, kwa sauti, na majirani huinamisha vichwa wasimtazame, wanajua, Mungu wangu, wote wanajua, wamemvumilia tu... ina joto, ina joto na haiamki, haikuwa baridi, ugonjwa ulikuwa mwingine tangu mwanzo, na Théophile hakusema uongo, nani angetunga uongo wa bikwembe, mtu mwenye njaa ametembea mpaka mlangoni kwake kumletea kifo cha kaka yake, akanyimwa hata kumaliza chai... "Mama Philo!" ndiyo, chef, bisibisi iko mkononi, hajagusa skrubu hata moja, kioo bado cheusi, ndani bado kunagonga, ndiyo, chef, anaitoa, na Jumapili, wasafiri wakitajwa, atanyamaza, atangoja zamu ya marehemu.